Nusu mkate waliula pamoja, na vita waliingia pamoja

Mhariri,

Mimi ni dereva wa basi. Njia yangu ni Mombasa hadi Mokowe kule Lamu, tangu 2004. Alhamisi iliyopita tulisimamishwa Gamba kungoja eskoti ya polisi. Siku hizi mara nyingine tunaachiwa tupite, mara nyingine hatuachiwi. Siku hiyo hatukuachiwa. Jua kali, abiria wameshuka, wengine wananunua maembe, na redio ya basi inazungumza siasa za 2027. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Kijana mmoja anayefanya kazi bandari mpya kule Kililana alisema vita vya Somalia ni vya Upinzani, kwa kuwa Raila Odinga ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu jeshi la Kenya lilipovuka mpaka. Mzee wa Witu mwenye kofia ya viua akamjibu kwamba vita ni vya Jubilee, upande wa Uhuru Kenyatta, kwa kuwa hao ndio waliokataa kuwarudisha vijana nyumbani. Wakarushiana vyama mpaka kola zikakaribia kushikwa. Kondakta wangu akawaambia nauli ya Mokowe haina ndondi ndani yake, watu wakacheka, mambo yakapoa.

Naandika kwa sababu kila mmoja wao alikuwa na nusu ya ukweli, na wanasiasa wetu wameishi humo ndani ya hizo nusu zaidi ya miaka 10.

Dereva hukumbuka watu kwa viti. Nani alikaa wapi siku gani, nani alishuka kabla ya kulipa. Basi tuwapange. Jeshi lilivuka kuingia Somalia Oktoba 16, 2011. Rais alikuwa Mwai Kibaki, Waziri Mkuu Raila, Makamu wa Rais Kalonzo Musyoka. Uhuru Kenyatta alikuwa Naibu Waziri Mkuu na hazina ya fedha iko mikononi mwake. Musalia Mudavadi naye Naibu Waziri Mkuu. Moses Wetang'ula, ambaye leo ni Spika, alikuwa Waziri wa Mashauri ya Kigeni. Waliotutangazia ni George Saitoti, Waziri wa Usalama wa Ndani, na Yusuf Haji, Waziri wa Ulinzi. William Ruto peke yake ndiye anaweza kusema hakuwa mezani, maana alikuwa ametolewa Baraza la Mawaziri Agosti ya mwaka huo huo. Lakini alikuwa mbunge wa Eldoret Kaskazini, na sikumbuki kumsikia akipiga breki. Ile ilikuwa serikali ya mseto, tuliyoiita ya nusu mkate. Mkate waliugawana, PNU ya Kibaki huku, ODM ya Raila kule. Novemba Raila akaenda Israel kutafuta msaada wa kupambana na Al-Shabaab. Desemba Bunge likaidhinisha vijana wetu waingie AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika kule Somalia. Vita havikuwa vimetangazwa rasmi; tuliambiwa nchi inajilinda, na Bunge likaulizwa gari likiwa tayari barabarani.

Nami sijitoi. Nilishangilia. Septemba ile mtalii Mwingereza alikuwa ameuawa Kiwayu na mkewe kuchukuliwa. Oktoba mosi Mfaransa mmoja, mama mgonjwa wa kiti cha magurudumu, akanyakuliwa Manda, ng'ambo ya maji tu kutoka mji wa Lamu, akafia mikononi mwa watekaji. Hazijapita wiki mbili wakachukua Wahispania wawili waliokuwa wakihudumia wakimbizi Dadaab. Watalii walikatika kama maji ya bomba. Niliwahi kuingia Mokowe na abiria 12 kwenye basi la watu 60. Kwa hiyo niliposikia Linda Nchi, jina la operesheni ile ya Somalia, nilifunga bendera kwenye kioo cha mbele na nikaendesha nayo mpaka Desemba, ikachanika kwa upepo.

Tuliambiwa ni kazi fupi.

Juni 15, 2014, Jumapili usiku, watu wa Mpeketoni wakitazama Kombe la Dunia, mji ulivamiwa. Waliouawa usiku ule na uliofuata walipita 60. Al-Shabaab wakasema ni sisi, tunalipiza Somalia. Siku mbili baadaye Rais Uhuru akahutubia taifa, akasema si wao, ni mitandao ya siasa ya hapa hapa. Gavana wa Lamu akakamatwa, kisha akaachiliwa.

Hotuba ile wenzangu wa Nairobi waliisikia kama habari. Mimi niliiona kwenye viti. Wiki ile abiria wangu walianza kukaa kwa makabila: Wakikuyu mbele karibu na mlango, Wabajuni nyuma, Waorma katikati wakitazama madirishani. Watu waliokuwa wakibebeana watoto na kuku miaka 10 hawakusalimiana. Hakuna aliyeniamrisha niwatenganishe, walijitenga wenyewe. Mwanasiasa akimtupia mwenzake lawama, hiyo lawama huwa haimwangukii mwenzake. Inatua kwenye kiti namba 23.

Haikupita mwezi, Saba Saba pale Uhuru Park, Cord, muungano wa upinzani wa Raila, wakadai KDF, jeshi letu, irudi nyumbani. Upande wa Jubilee wakajibu: si ninyi mlioipeleka? Swali zuri. Ila walioliuliza walikuwa na Uhuru kiongozi wao, aliyeshika mfuko wa fedha jeshi lilipovuka. Niliwasikiliza kwenye redio nikiwa Garsen, nikafikiri: hawa ni dereva na kondakta waliogonga ng'ombe pamoja, sasa kila mmoja anamwonyesha polisi leseni ya mwenzake.

Januari 2016 nilimpandisha mama mmoja wa Witu. Alikuwa na mkoba mdogo na picha ya mwanawe akiwa na sare. Alikuwa anakwenda Eldoret. Kambi ya jeshi letu ya El Adde, kule Somalia, ilikuwa imevamiwa Januari 15, na wengi waliokuwapo walitoka kambi ya Eldoret. Simu ya kijana haikuwa ikiita. Njia nzima aliniuliza neno moja, kwamba Eldoret ukishuka unauliza kwa nani. Sikujua. Nilimtafutia basi la usiku pale Mombasa, nikamwombea makanga amwangalie. Baadaye tukasikia maiti zinapimwa DNA kwa sababu hazitambuliki. Sikumwona tena yule mama njiani, na kila nipitapo Witu huangalia kituoni.

Hadi leo serikali haijatoa hesabu rasmi ya waliokufa El Adde. Rais Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia alisema ni kati ya 180 na 200. Jeshi letu likakana, lakini halikutupa namba yake. Upinzani wa wakati ule ulipiga kelele kuhusu namba hiyo. Wengi wao wameshaingia serikalini tangu hapo, wengine Uhuru na Raila walipopeana mikono 2018, wengine kwa serikali jumuishi ya Ruto na Raila. Mafaili sasa wanayafikia. Kelele zimekwisha, namba haijaja.

Kibaki ametangulia, na Saitoti, na Haji, na sasa Raila. Mungu awarehemu. Waliobaki mezani wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na wengine wao wataomba kura zetu 2027.

Wakija Mokowe nitakuwa uwanjani, nimeegesha basi kando. Kila atakayepanda jukwaani nitamuuliza El Adde walikufa wangapi. Akianza jibu lake kwa "serikali iliyopita" au "hawa wenzetu", nitarudi kwenye basi nipige honi mpaka ashuke.

Dereva wa Mombasa–Lamu,
Mokowe