Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Wanachama wenzangu, hamjambo.

Asanteni kwa kufika licha ya mvua hii. Najua kuna waliokaa kwenye foleni ya Thika Road muda mrefu kuliko utakaochukuliwa na mkutano wenyewe, kwa hivyo mambo ya ofisi nitayapitia mbio. Hesabu zimekaguliwa, na mweka hazina atazisoma. Ada inaingia kwa kuchechemea. Chumba cha Ngara bado tunacho, ila projekta imekufa, na mihadhara miwili ya mwisho tulichora ubaoni kwa chaki. Wengine mlisema mlielewa vizuri zaidi hivyo. Sitabishana.

Kilichonisimamisha hasa ni kukiri kosa. Mwaka jana, hapa hapa, niliwaambia kwamba kwa farasi-bahari, yule samaki mdogo mwenye kichwa kama cha farasi, na jamaa zake mambo yamepinduka: dume ndiye mama, jike ndiye baba. Mkacheka, mkapiga makofi. Nilikuwa nimeichukua nusu ya hadithi na kuifanya nzima.

Hiyo nusu ya kweli tunaijua. Katika ukoo wao, pamoja na samaki mrija, yule mwembamba aliyenyooka kama mrija wa soda, mimba hubebwa na dume. Jike hummiminia mayai, yeye huyarutubisha na kuyatunza. Farasi-bahari ana mfuko uliofungika, na humo ndani huwapa watoto hewa na kuwasawazishia chumvi. Kwa aina nyingine za samaki mrija hakuna mfuko kabisa; mayai hubandikwa nje, tumboni, kama shanga. Mwaka jana niliposema hayo, mama mmoja aliyekaa nyuma aliuliza kama huyo dume hupewa likizo ya uzazi. Nikamjibu kwamba Sheria ya Ajira ya 2007 inampa baba Mkenya wiki 2, na mimba ya farasi-bahari huchukua kama wiki 2 hadi 4, kutegemea joto la maji. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na huku mzazi ana ndevu, tungesema, kama samaki wangekuwa nazo.

Nilipokosea ni kudhani kwamba anayebeba mimba ndiye lazima aposwe. Sivyo. Swali ni nani amebaki huru kutafuta mwenzi, na nani adimu.

Chukueni samaki mrija wa pwani ya Uswidi, waliochunguzwa na watafiti Anders Berglund, Gunilla Rosenqvist na wenzao. Katika muda ambao dume mmoja anamaliza mimba moja, jike anaweza kutoa mayai ya kuwajaza karibu madume 2. Mayai yapo, nafasi hakuna. Basi majike ndio hushindana na kujirembesha, na madume huchagua, tena wanapenda jike mkubwa. Hapo naam, majukumu yamepinduka.

Sasa rudini kwa farasi-bahari. Mtafiti Amanda Vincent alipowatazama alikuta madume, hao hao wenye mimba, ndio wanaogombania majike: huvutana mikia, hupigana kwa pua. Dume anaweza kuzaa na kushika mimba nyingine muda mfupi baadaye, huku jike akihitaji siku kadhaa kuandaa mayai mapya. Kwa farasi-bahari kibeti, aina moja ndogo, jambo hili limepimwa, na dume ndiye mwenye uwezo wa kurudi uwanjani mapema zaidi. Anabeba mimba na bado anaposa! Mwaka 1992 Vincent, pamoja na Ingrid Ahnesjö na hao wawili wa Uswidi, walichapisha makala wakihoji kama ukoo wote huu umepinduka. Makala hiyo ina umri wa kutosha kwamba mimi sikuwa na kisingizio.

Aina nyingi za farasi-bahari hukaa na mwenzi mmoja msimu mzima. Kila asubuhi jike humwendea dume, wanabadilika rangi na kuogelea sambamba kwa dakika chache, kisha kila mmoja anashika njia yake. Hicho ndicho kilichonipendeza kuliko yote mwaka huu.

Kuna mwanachama aliyependekeza tununue jozi kwa ajili ya tangi la chama. Kamati imekataa, na nasimama nayo. Tangu 2004 biashara ya farasi-bahari ya kimataifa inasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, na hata ukiwapata kihalali, hawana tumbo la kuhifadhi chakula: lazima wale mara nyingi kutwa, na aghalabu hutaka chakula hai. Sisi stima ikipotea kwa muda wa saa tatu tunapoteza hata gapi, wale samaki wadogo wa tangini.

Uchaguzi ni baada ya chai. Sigombei tena. Atakayenirithi naomba aanze na projekta.