Kabla ya kumwaga kifusi Kisauni, waulizeni waliozaliwa hapo

Mhariri,

Kila mvua kubwa ikinyesha Mombasa, husikia redioni kwamba nyumba za Kisauni zimeingia maji kwa sababu mitaro imezibwa na mifuko na chupa. Taka ni nyingi, sikatai. Lakini huku kwetu Mtopanga zipo nyumba ambazo hata mitaro ingezibuliwa kila asubuhi zingeingia maji tu, kwa kuwa zimejengwa ndani ya ziwa.

Nimezaliwa hapa 1953, na tangu usichana wangu kazi yangu ni kusuka mikeka. Ukindu mzuri haupatikani pakavu. Mkindu hutaka miguu yake iwe majini, na marehemu mama alinifundisha kuutafuta kwa kufuata maji: yalikotoka, yalikotuama, yalikopitia kwenda zake. Bonde letu lilijaa kila masika. Maji yalishuka kutoka kwenye mikorosho, yakapita nyuma ya msikiti uliokuwa wa makuti wakati huo, yakatulia pale chini kwa miezi. Mayungiyungi yalichanua, wavulana wakavua kambare kwa mikono, ng'ombe wakaletwa kunywa jioni. Ziwa likizidi kujaa lilijitolea lenyewe upande wa pili, kwa mkondo mwembamba ulioelekea Junda kwenye mikoko. Hakuna aliyejenga hapo. Hata kibanda cha mbuzi kilipandishwa juu, kwenye mikoma, ambako ardhi ni ya mchanga na mawe. Nyumba zetu za udongo zilikuwa huko huko juu, na sikumbuki hata moja iliyobomolewa na maji.

Siku hizo kwenda mjini tulivuka daraja la Nyali la kuelea, na lilikuwa la kulipia. Nyali yenyewe ilikuwa imetoka kwenye shamba la mikonge. Bamburi walianza kutengeneza simiti 1954, na wanaume wengi wa huku wakapata kazi, lakini ukitoka barabarani hatua chache ulikuwa shamba: minazi, mihogo, kunde, giza la usiku. Daraja la sasa lilipofunguliwa 1980, mambo yakaanza kwenda mbio. Waliokuwa hawapati nyumba kisiwani walivuka. Minazi ikakatwa kwa safu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti nzima, na wote hao wanahitaji pa kulala. Siwakasirikii waliokuja. Wajukuu zangu wanasoma na watoto wao.

Kinachoniuma ni jinsi ardhi ilivyobadilisha mikono bila sisi kusikilizwa. Wasomaji wako wa bara huenda hawajui kwamba Mombasa mtu anaweza kumiliki nyumba asimiliki kiwanja. Nyumba yako, ardhi ya mwingine, nawe unamlipa kodi ya ardhi. Hati nyingi za Mwambao zinatokana na sheria ya ardhi ya 1908, na waliozipata wengine walikaa mbali na mashamba hayo. Basi siku ya kuuza, wapima walizungumza na mwenye hati. Naye alikuja msimu wa kiangazi, akaona bonde kavu lenye nyasi, akalikata ploti. Hajawahi kuliona likijaa. Sisi tuliolijua hatukuwa na hati, kwa hiyo hakuna aliyetuuliza neno.

Mvua za El Niño za 1997 zilituonya, lakini wakati huo nyumba bondeni zilikuwa chache. Zilipokuja zile za Novemba 2023, bonde lilikuwa limejaa kuta. Mama mmoja kijana alilala kwangu na watoto wake, godoro lao likiwa juu ya paa. Alinunua ploti kwa fedha za chama chake, akajenga chumba baada ya chumba, na kila aliyemuuliza alimwambia mahali ni pazuri. Nilipomwonyesha nilikokuwa nikikata ukindu, alilia. Jirani yake mwenye uwezo alikuwa amekwishamwaga lori kadhaa za kifusi na kuinua uwanja wake, akapiga na kabro juu. Yeye alibaki mkavu. Maji yake yakahamia kwa huyu mama, na mengine yakapanda hadi nyumba za zamani kule juu, ambazo hazijawahi kuguswa. Na maji hayo si ya mvua peke yake. Huku hatuna bomba la maji taka, kila nyumba ina shimo lake la choo, na mashimo yakifurika kila kitu huelea pamoja na kuingia visimani. Kisima alichochimba babu yangu hatunywi tena.

Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe, na sheria ya mazingira inataka athari za mradi mkubwa zichunguzwe kabla haujajengwa. Nakubali kwamba wakati mwingine watu hutumwa. Aliyefika kwangu na karatasi ya maswali aliniuliza kama mradi utaleta ajira kwa vijana. Maji hakuyauliza. Hakukuwa na nafasi ya kuyaandika.

Naiomba Serikali ya Kaunti ya Mombasa iwatume maafisa wa mipango watembee na wazee wa kila mtaa wa Kisauni wakati wa masika, mvua ikinyesha, waonyeshwe maziwa, mikondo na visima vya zamani, na vyote vichorwe kwenye ramani kabla ya ramani ya nyumba nyingine kupitishwa. Vipande vilivyobaki viachwe wazi. Machimbo ya simiti pale Bamburi yalikuwa mwamba mtupu. Kuanzia 1971 yakapandwa mivinje na kuwekwa mabwawa ya samaki, na leo ndiyo Haller Park inayotembelewa na wageni. Pakiwezekana kupeleka maji na miti mahali ambapo hapakuwa na kitu, kuacha ziwa lililokuwapo hakuwezi kuwa kugumu hivyo.

Upande wa chini wa bonde letu bado pana mikindu na nafasi isiyojengwa, na ule mkondo wa kuelekea Junda haujazibwa wote. Wiki hii lori zimeanza kumwaga kifusi kutoka upande wa barabara. Afisa atakayetaka kuonyeshwa aje upesi, aulize msikitini nyumba ya bibi msuka mikeka. Nitampeleka mwenyewe.

Msuka mikeka,
Mtopanga, Mombasa