Wadi ya wanaume usiku haina nesi wa kiume

Mhariri,

Nimesoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia, lakini ile taarifa yenu ya ajira ya wauguzi hapa Mombasa imenishinda kunyamazia. Mwanasiasa mmoja analalamika kwamba manesi wengi ni watu wa bara, mwingine anamjibu kwamba sheria imefuatwa, na mwandishi wenu anaishia hapo. Mgonjwa hakuulizwa kitu.

Sheria yenyewe ninaijua. Kifungu cha 65 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi zipewe watu wasiotoka katika kabila lililo kubwa kwenye kaunti. Ni sheria nzuri. Wanangu walizaliwa mikononi mwa wakunga wa bara, kutoka Kisii na Murang'a, na sijaona Mpwani aliyewashinda kwa upole. Lakini sheria hiyo inahesabu makabila katika barua za ajira. Haitazami nani yuko zamu saa nane za usiku, na mwandishi wenu naye hakuomba kuiona ratiba.

Baba yangu, Mdigo wa miaka zaidi ya 80, alizibwa mkojo na tezi dume. Tulimvusha feri jioni tukamfikisha hospitali moja ya mjini. Zamu ile ilikuwa ya wasichana peke yao, na aliyekuja na trei ya mpira wa kutolea mkojo alikuwa rika la wajukuu wake. Mzee alilishika shuka kwa mikono miwili, akageukia ukutani, akakataa katakata kufunuliwa. Yule binti hakukosea lolote: alimwamkia shikamoo, akavuta pazia, akambembeleza kwa subira. Mzee anamjibu kwa Kidigo kwamba heri afe. Nikamkumbusha bibi Rufaida al-Aslamiya, muuguzi wa zama za Mtume, aliyemuuguza sahaba Saad bin Muadh hemani Madina wakati wa Vita vya Khandaq. Akaniambia Saad alipigwa mshale mkononi. Nikauliza kama yupo nesi wa kiume. Yupo mmoja, nikaambiwa, lakini amepelekwa kasualti, kwenye wagonjwa wa dharura. Basi tukakaa. Tumbo limevimba limekuwa gumu, jasho linamtiririka, na mimi mwanawe namsihi mzazi wangu akubali jambo alilofundishwa tangu utotoni kwamba ni fedheha. Yule nesi wa kiume alikuja alfajiri, akaketi ukingoni mwa kitanda, akamweleza taratibu atakachofanya, na mpira ukaingia kwa dakika chache. Mzee alilala hapo hapo. Usiku mzima wa mateso, na kilichokosekana ni mtu mmoja tu kwenye ratiba!

Na kwa kuwa nimeshika kalamu: mpira huo na glavu tulinunua wenyewe duka la dawa ng'ambo ya barabara, kisha mlinzi wa langoni akatuzuia kuingia kwa sababu saa za kutazama wagonjwa zilikuwa zimepita. Kaunti imekabidhiwa afya tangu 2013. Mpaka leo glavu anakuja nazo mgonjwa?

Turudi kwa manesi. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2020 kwamba asilimia 90 hivi ya wauguzi duniani ni wanawake, kwa hiyo uhaba huu si wa Mombasa peke yake. Lakini nimefundisha sekondari huku Likoni, na nimewaona wavulana waliopata C yao katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ambayo ndiyo wastani unaotakiwa kwa diploma ya uuguzi, wakaenda kuendesha bodaboda au kutafuta vibarua Ghuba. Hakuna aliyewahi kuingia darasani kuwaambia kwamba hii nayo ni kazi ya mwanamume. Wasichana nao wana kikwazo chao, wazazi wanaogopa zamu za usiku, na hao ndio ninaowatajia Rufaida bila kuchoka. Kisha anayehitimu anaitazama Uingereza, ambayo serikali yetu ilitia saini nayo mkataba wa wahudumu wa afya mwaka 2021. Simlaumu.

Ninachotaka ni hiki. Kila Septemba kaunti ilipie vijana wawili kutoka kila eneo bunge, Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu, mvulana na msichana, wasomee uuguzi, nao watie saini kwamba watahudumu hapa miaka mitano. Wakatafutwe shuleni, madrasa na makanisani, si kwa tangazo la mtandaoni. Na wadi yoyote ya wanaume isifunguliwe zamu ya usiku bila nesi wa kiume, jina lake libandikwe mlangoni pamoja na lugha anazozungumza, iwe ni Kidigo, Kigiryama au Kikamba. Karo ya vijana 12 kwa mwaka haiwezi kuishinda kaunti inayotoza ada ya maegesho kila pembe ya mji.

Mwalimu mstaafu,
Likoni, Mombasa