Nimeacha kazi, usinipigie kwanza, soma yote

Shoga yangu,

Najua umenuna. Voisi zako zote 7 nimezisikiliza, ile ya mwisho uliyokua unahema tu bila kusema kitu nimeirudia mara mbili, na sikujibu hata moja. Sio kwamba nimekusahau wala sijapata makubwa, ni uoga tu. Kila nikishika simu nirekodi naanza "sikia kuna kitu" alafu nafuta. Ndo maana naandika, manake kwenye kuandika huwezi kunikatiza, na mi nakujua.

Haya. Kazi nimeacha. Ndio, ile ile. Mwezi wa nne sasa. Nafundisha mazoezi asubuhi na jioni, na sio kwamba nafanya kama kujishikiza nikisubiri kitu kingine, hapana, ndo kazi yenyewe, ndo inayolipa chumba ninachokaa peke yangu. (Chumba ni stori nyingine, nakuja.)

Umeshaishika simu eh? Iweke chini.

Unakumbuka ule mgongo wangu uliokua unanikaba kila jioni mpaka nikawa nakaa na mto nyuma ya kiti kama mama wa watoto sita? Ndo ulionipeleka. Nikaanza kwenda kipindi cha jioni baada ya kazi, nikachagua mstari wa mwisho kabisa, karibu na mlango, nikizidiwa nitoke bila watu kuniona. Nikakaa hapo mlangoni karibu mwaka mzima. Sasa kumbe mi nahesabu kwa sauti. Nakuapia sikua najua. Moja mbili tatu nne tano sita saba nane, moja mbili tatu nne, dada mmoja alihama kabisa akaenda upande wa pili nikadhani anasikia harufu kwangu, nikawa naoga kabla ya kwenda mazoezini, hebu fikiria, kuoga ndo uende kutoka jasho. Siku moja mwalimu akanisubiri nje, alikua mjamzito tayari anakaribia kupumzika, akaniambia "we wa mlangoni, nimekufanyia jaribio wiki tatu nabadilisha mazoezi ghafla na hujakosea mguu hata mara moja, nenda kasome uje unishikie vipindi vyangu." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nikaenda kusoma, wikiendi tu, huku kazini sijamwambia mtu. Na hapo ndo nilipojua kwamba kile kinachoonekana kuruka ruka kina hesabu zake. Muziki wa mazoezi unakwenda kwa nane nane, nane zikifika nne, yani 32, sentensi ya wimbo imeisha na hapo ndo unabadilisha. Ila huwezi kusubiri ifike moja ndo useme "haya piga magoti juu", ukisema hapo umechelewa, nusu ya darasa inaenda mbele nusu inarudi nyuma watu wanagongana vichwa. Inabidi useme zikiwa zimebaki nne, huku mwenyewe bado unafanya la zamani. Yani mdomo uko kesho miguu iko leo. Ilinichukua wiki nyingi, nilikua nafanya mazoezi mbele ya kabati usiku na spika nimeizima nasikiliza kwa hedifoni, jirani wa chini akaja kugonga akidhani nahamisha fanicha.

Alafu kuna kushoto na kulia. Ukiwa umewatazama wanafunzi inabidi wewe ndo uwe kioo chao, unasema "kulia" huku mwenyewe unaenda kushoto kwako, ili wao wakufuate tu bila kufikiri. Nimeshaizoea sana mpaka imenila ubongo. Juzi namwelekeza dereva nikasema kata kushoto huku mkono unaonyesha kulia, akasimama katikati ya barabara akaniuliza "dada unaumwa?"

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ni huduma ya kwanza, usicheke. Kuna mdoli wa kifua na kichwa tu, unamkandamiza kifuani mara 30 alafu unampulizia pumzi 2, unarudia, kasi ni kati ya mara 100 na 120 kwa dakika, na unashuka sentimita 5 kwenda chini ila usizidi 6. Wenzangu wengi walikua wanaenda mbio mno au wanalala katikati. Mi nikahesabu. Mwalimu akasema huyu mdoli wako amepona. Nilirudi nyumbani nikalia shoga yangu, sjui kwa nini, labda kwa sababu miaka mitatu pale ofisini hakuna siku mtu alinionyesha kitu nilichokifanya akasema hiki kimekaa sawa.

Kipindi changu cha kwanza sasa. Walikuja watu 4, na mmoja alikua amekosea chumba ila akaona aibu kutoka. Nimepasha watu mwili moto vizuri, dakika 10 safi kabisa, tumeingia kwenye wimbo wa tatu spika ikazima. Kimya. Unajua kile kimya ambacho unasikia raba za watu zinalia kwenye sakafu. Nikapiga makofi nikaendelea kuhesabu kwa mdomo, ule ule mdomo ulioniponza mlangoni, nikamaliza dakika 35 zilizobaki kwa makofi. Kesho yake sauti hakuna, hata "abee" haitoki. Nimejifunza sasa, sipigi kelele juu ya muziki, napunguza muziki ndo naongea, na maneno mawili yanatosha pale ambapo zamani nilikua natoa hotuba. Yule aliyekosea chumba anakuja mpaka leo.

Siku zangu zikoje? Naamka saa kumi na nusu alfajiri, wewe unayenijua nilivyokua naamshwa na maji usoni bwenini, ndio mimi. Kipindi cha kwanza saa kumi na mbili kamili. Saa tatu nimemaliza, nafua, manake mtu anayefundisha mazoezi kazi yake ya pili ni kufua, taiti na tisheti haziishi, kamba yangu muda wote kama duka. Mchana nalala kama mtoto. Jioni vipindi viwili. Hela inakuja kwa mafungu, mwezi wenye mvua watu hawatoki na mi silali vizuri, hilo sikufichi, sitaki ukadhani nimepata mteremko. Nalipwa kwa kipindi, nikiumwa sina.

Na niliumwa. Mwezi wa pili nilijifanya chuma, vipindi vitano kwa siku na vyote nafanya pamoja nao mwanzo mpaka mwisho, goti likavimba kama nimefuga kitu ndani. Yule mwalimu wangu akanipigia, mtoto analia nyuma, akanigombeza vibaya sana: wanakulipa uwaangalie wao sio wakuangalie wewe. Kweli aisee. Mwili unajijenga ukipumzika, nilikua nawaambia watu hivo kila siku na mwenyewe sipumziki. Sasa naonyesha mara nne nasimama, natembea katikati yao, namwambia huyu goti lielekee vidole vya mguu, yule asiukunje mgongo kwenye plenki (lile la kujiegemeza kwa viwiko mwili umenyooka), na kusema ukweli darasa ndo limekua zuri zaidi.

Meseji ninazopata siku ya pili yake ungezipenda. "Mwalimu umeniua." "Mwalimu siwezi kukaa chooni." Nawajibu subirini kesho, manake maumivu yale yanapanda kuanzia saa 24 mpaka 72 alafu yanashuka yenyewe. Na sio asidi ya kwenye misuli kama tulivyokua tunaambiana, ile inaondoka ndani ya saa moja hivi ukishapumzika, hii ni misuli imechanika michaniko midogo midogo isiyoonekana, hasa pale unapojishusha taratibu, kwa mfano kwenye skwoti unapokwenda chini. Ndo maana kushuka ngazi kunauma kuliko kupanda siku hiyo.

Kitu kinachonigombanisha na watu ni tumbo. Kila mtu anataka tumbo. Mwalimu nipe zoezi la kutoa tumbo tu, sehemu nyingine sina shida nazo. Nawaambia hakuna, mwili ndo unaamua mafuta uyatoe wapi kwanza, piga sit-apu 200 kwa siku utapata misuli migumu iliyolala chini ya mafuta yale yale. Wengine wameondoka kwa jibu hilo, wameenda kwa wanaowaahidi wiki mbili. Waende. Mi nawapa ile hesabu ya Shirika la Afya Duniani, dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, ambayo ukigawa kwa siku tano ni nusu saa tu, na siku mbili za kutumia nguvu za misuli. Watu wanakunja sura wakisikia "wastani" kana kwamba nimewapunja. Kipimo chenyewe ni rahisi: kama unaweza kuongea lakini huwezi kuimba, uko hapo hapo. Nina mama mmoja mstari wa mbele anasimulia umbea kuanzia tunapasha moto mpaka tunanyoosha viungo, mwanzoni alikua ananikera, siku hizi ndo kipimo changu cha darasa, akinyamaza najua nimewakimbiza sana napunguza.

Haya chumba. Yule bwana tumeachana. Sina hamu ya kulieleza sana, alisema hawezi kumwambia mtu mkewe mtarajiwa anaruka ruka mbele za watu na taiti, nikamwambia basi usimwambie mtu, nikapaki. Nililia siku tisa hivi. Nikahesabu na hizo.

Mama sasa ndo alikua mtihani. "Umesoma miaka yote hiyo ukaruke?" Hakupiga simu wiki tatu. Nikaenda mwenyewe, sikubishana, nikamwambia mama hebu kaa kwenye kiti hiki kisicho na pa kuegemeza mikono, kunja mikono kifuani, simama kaa simama kaa, sekunde 30 tuone mara ngapi. Akasema upuuzi gani huu, ila akafanya, unamjua hawezi kukataa mashindano. Akapata 9. Nikamweleza kwamba mwanamke wa umri wake, ana miaka 63, akiwa chini ya 12 ina maana miguu imelegea na kuanguka kunamnyemelea. Akanitazama kama nimemtukana. Sikusema tena, nikaondoka. Wiki sita baadae simu inaita saa kumi na moja alfajiri, moyo ukanipasuka nikajua kuna msiba, napokea nasikia mtu anahema, anasema "kumi na tatu", anakata.

Sasa sababu ya kutokujibu. Barua ya kuombea ile kazi uliiandika wewe. Usiku ule hukulala, na mtihani ulikua nao wako asubuhi, mi nilisinzia hapo hapo mezani nikaamka nimefunikwa kanga na barua iko safi imekunjwa. Ukanipa na blauzi yako nyeupe ya intavyuu. Miaka mitatu kila nikitaka kuacha naiona ile barua, naona ntakua nimekutupia usiku wako kapuni. Hata mama nilimwambia kabla yako. Bosi nilimwambia kabla yako, na yule nilikua namwogopa. Hapo nimekukosea na sitafuti maneno ya kupaka mafuta, nisamehe. Ungenisaidia kuandika na ya kuachia kazi, najua, tena ingekua nzuri kuliko ile niliyoandika mimi, ilikua na mistari miwili na nikakosea tarehe.

Nitakupigia Jumapili jioni, ndo siku sina kipindi. Kama bado umenuna pokea tu uninunie hewani, ntahema na mimi kama ulivyohema kwenye ile voisi.

Ni mimi, wa mlangoni.

NB: Blauzi ninayo. Nimeifua na kuipiga pasi, iko kwenye hanga. Begani inanibana sasa, mikono imenenepa kwa pushapu, kwa hiyo usiogope kwamba nimeing'ang'ania, hainiingii tena.