Dada Awinja, msilete dijei kwenye kumbukumbu ya Baba

Baltimore, 9 Novemba

Dada Awinja,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, kwa shemeji yako na kwa watoto. Sote tu wazima. Baridi imeanza lakini tumeizoea, na zamu za usiku ni zilezile, kwa hivyo huku sina jipya.

Ujumbe wa Opati nimeupata. Ameandika hesabu yote ya kumbukumbu ya Baba mstari kwa mstari: hema mbili, viti mia tatu, fahali, mchele, sufuria za kukodi, halafu chini kabisa, "dijei na spika, elfu ishirini na tano." Mstari huo wa mwisho nimeusoma mara nne. Dada, pesa nitatuma, tena nitatuma kupita alizoomba. Lakini dijei hapana. Nakuandikia wewe kwa sababu Opati nikimpigia tutagombana kabla hatujamaliza kusalimiana, na kwa sababu mengi nitakayoyataja hapa uliyaona kwa macho yako.

Unaukumbuka mkesha wa Baba, mwaka 2014. Mimi nilikuwa huku, na kilichonizuia mnakijua. Opati alipiga simu usiku akasema, "Sikiliza, kaka, watu wamejaa," akainua simu juu. Nilichosikia ni spika zikigonga nyimbo za klabu, na kijana fulani akipaza sauti kwenye maiki kwamba watu wachange, la sivyo anazima muziki. Disko matanga, pale uani Bunyore, na Baba yumo ndani ya sanduku! Mtu ambaye alikuwa akizima redio mpiga besi akichelewa hata kidogo. Nilikata simu, nikamwambia Opati kesho yake kwamba laini ilikatika. Haikukatika. Miaka kumi nimelibeba hilo na leo nimelitua kwako.

Mimi Baba nilimjua kwenye muziki. Nyumbani pale kota za reli alikuwa mtu wa maneno machache, wewe wajua. Anarudi, anavua koti, anauliza kama tumekula. Ukitaka kumsikia akisema jambo refu, ulipaswa kuwa naye mahali penye gitaa.

Kumbuka Seme, mwaka 1979, matanga ya babu mzaa mama. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, wewe kumi na mitatu. Karabai inaning'inia kwenye mwembe, na yule mzee wa Kombewa ameketi kwenye kigoda chake kifupi, nyatiti, kile kinubi cha Waluo, imelala ubavuni. Nilikaa chini karibu na mguu wake wa kulia usiku mzima. Kwenye kidole gumba cha mguu alikuwa na pete ya chuma, anagonga nayo ubao wa nyatiti, ko, ko, ko, na njuga za mguuni zinaitikia. Nyuzi nane tu, mtu mmoja tu, lakini ukifumba macho utaapa ni bendi nzima. Wajomba wakaanza pakruok, yale majigambo ya Waluo. Huyu anatupa shilingi kwenye sahani, anajisifu, anakaa. Yule naye anajibu. Ndipo Baba akasimama.

Sijui kama wewe ulishtuka. Mimi nilitaka kujificha. Mluhya, na Dholuo yake ya kuombea maji tu, amesimama katikati ya wakwe! Akaweka noti ya shilingi 20 kwenye sahani, na mzee akanyamazisha nyuzi kwa kiganja. Baba akasema kwa Kiswahili, pole pole kama anayesoma ratiba ya gari moshi: "Mimi mkwe wa Seme. Wengine walikuja hapa na ng'ombe, mimi nilikuja na gari moshi. Ng'ombe wao wamezeeka. Msichana wangu bado msichana." Dada, ile boma ililipuka. Mzee wa nyatiti akayarudia yote kwa Dholuo, akayatia ndani ya wimbo, na Mama akajifunika uso kwa leso mpaka wimbo ukaisha. Nimekwenda kwenye kumbi kubwa sana tangu siku hiyo. Hakuna usiku ulioufikia ule.

Halafu Nakuru. Hii wewe hukuwepo, ulikuwa bweni, na najua bado inakuuma kidogo. Mwaka 1983 Baba alipata pasi yake ya likizo, akanichukua mimi peke yangu. Tuliondoka Kisumu jioni, Muhoroni nikalala, Londiani baridi ikaniamsha, na Baba amenifunika koti lake la kazi lenye vifungo vya shaba. Tulishukia Nakuru kabla hakujapambazuka, tukatembea hadi Bondeni kwa marehemu Ami. Kesho yake jioni tukaenda kuiona bendi ya Les Wanyika.

Unajua jinsi Baba alivyowapenda Wanyika wote, tangu wale ndugu Kinyonga wawili wa Tanga na Simba Wanyika yao. Walipogawanyika mwaka 1978 na Les Wanyika wakajitenga, alihuzunika kama watu wa nyumba moja wametengana, halafu akanunua sahani za pande zote mbili. Usiku huo John Ngereza aliimba kana kwamba anazungumza na mtu aliye karibu yake, hana haja ya kupaza sauti. Mimi nilikuwa nimemkodolea macho yeye. Baba akaniinamia sikioni: "Mwache mwimbaji. Msikilize Malanga kwenye besi. Yeye ndiye anayeonyesha njia, wengine wote ni abiria." Nikasikiliza. Besi ile haikujaza kila nafasi. Ilipiga, ikaacha pengo, na katika lile pengo ndipo watu walipoinua miguu. Tangu siku hiyo siwezi kusikia wimbo wowote bila kutafuta besi kwanza. Wanangu wananicheka kwa hilo, lakini nimewaambia limetoka wapi.

(Mwaka uliofuata tuliingia gharama ileile, na mwandalizi akauza tiketi za bendi ambayo haikuja. Baba hakudai pesa zake. Alisema wanamuziki nao lazima wamedhulumiwa kama sisi. Mimi ningedai.)

D.O. Misiani, yule wa benga, sitaandika sana juu yake, maana tulimwona mara nyingi hata zikachanganyika. Ninachokumbuka ni wazee wakiacha chupa mezani na kuinamisha vichwa ili washike mafumbo yake, halafu solo linaingia na mafumbo yote yanasahaulika. Alipokufa kwenye ajali palepale Kisumu, Mei 2006, nilikuwa nimeshafika huku. Nilipiga simu nyumbani, Baba akapokea, akasema "Ndiyo, tumesikia," kisha sote wawili tukanyamaza mpaka kadi yangu ya simu ikaisha.

Lakini nikusimulie jambo la fahari. Kazini kuna mwenzangu wa Zimbabwe. Siku moja nampa lifti, nimeweka benga ya zamani, akashtuka: "Hii si kanindo?" Kumbe kwao benga yetu wanaiita kanindo, kwa jina la Oluoch Kanindo, kwa sababu ya zile sahani zake zilizofika huko miaka ya sabini. Baba yake naye alizicheza! Nilisimamisha gari. Mtu wa Zimbabwe, ndani ya gari langu, Marekani, anaimba solo la Nyanza kwa mdomo, noti kwa noti. Nilitamani sana Baba awe hai nimpigie.

Usiku wa mwisho pamoja naye ulikuwepo, kwa hiyo nitapita haraka. Desemba 2010, nimekuja likizo, tukampeleka kumwona Musa Juma na bendi yake ya Limpopo. Goti limeshaanza kumsumbua. Ulimtafutia kiti cha plastiki mbele, akakataa, akataka kiwekwe pembeni karibu na spika ya besi, akaweka kiganja juu yake. Mkono wake ulikuwa unatetemeka na sikujua kama ni uzee au ni muziki. Musa akaimba kwa ile sauti yake laini, na wewe ukamvuta Mama wakacheza na mjukuu. Mimi sikucheza. Nilikuwa nautazama ule mkono. Miezi mitatu baadaye Musa akafa Mombasa, na safari hiyo ni Baba aliyenipigia, kwa pesa zake mwenyewe. Hakuwahi kunipigia kabla ya hapo.

Huku nako nimeona makubwa, usidhani nimekaa gizani. Samba Mapangala anaishi huku Marekani siku hizi, na alipotumbuiza katika ukumbi mmoja hapa Maryland nilikata tiketi ya mbele kabisa, mimi na Akinyi mdogo. Suti niliyovaa ni ile ya kijivu, picha nilikutumia. Ukumbi ulijaa Wakenya na Wakongo, na alipoingia kwenye Kiswahili, watu wazima wenye nyumba na magari walilia kama watoto. Nami nikainamia upande wangu wa kushoto, mahali Baba alipokuwa akisimama, kumwambia asikilize besi. Alikuwa Akinyi. Nikamwambia yeye.

Sasa jambo la gitaa. Awinja, nimeambiwa, na usiniulize na nani, kwamba gitaa kavu la Baba liko Luanda, hapo Bunyore, kwa mtu, limewekwa rehani kwa deni la elfu sita. Lile lenye ufa karibu na tundu, ambalo alifunga penseli shingoni kwa mpira wa baiskeli ili kupandisha sauti. Lile alilokuwa akipigia omutibo, ule mtindo wetu Waluhya wa gitaa, Jumapili baada ya kanisa, kidole gumba kikishika besi na cha shahada kikiimba. Elfu sita! Opati angeniomba elfu sita ningezituma siku hiyohiyo. Sitaki kelele, na Mama asijue. Nimetuma elfu nane kwenye simu yako leo asubuhi. Nenda mwenyewe ulichukue, na kinachobaki ni nauli yako.

Nakuambia hili kwa uchungu kwa sababu sasa na mimi napiga. Nilianza baada ya mazishi, kwa gitaa nililonunua dukani hapa, na nilijifunza kwa kumkumbuka vidole vyake. Julai iliyopita Wakenya wa hapa walipokutana, tulipanda jukwaani watatu, mimi, Mbukusu mmoja na Mmaragoli mmoja, tukapiga omutibo dakika ishirini. Watu walisimama. Mama mmoja wa Emuhaya alinishika mkono akaniuliza mimi ni wa nani, nikamtajia jina la Baba, na alimjua! Katika yote niliyopata huku, hata hiyo nyumba, sijapata kitu kama kile.

Kwa hiyo Desemba iwe hivi. Wale wazee wa omutibo wapigaji wa Luanda waje Ijumaa usiku, magitaa mawili, waimbaji, na mtu wa kukwaruza chupa. Senje, shangazi yetu, anataka ngoma za isukuti, na ni haki yake. Waje Jumamosi asubuhi kutoka Khayega, na tusibane bei. Mwaka uleule tuliomzika Baba, UNESCO waliiandika isukuti kwamba ni urithi unaohitaji kulindwa haraka, nasi tulikuwa tumejaza spika uani. Jioni, bendi ya benga, yenye mpiga besi wa kweli. Kinanda cha kubonyeza kikafanya kazi ya watu wanne sikitaki. Wakikuambia hakuna besi, tafuta bendi nyingine. Na kwa upande wa Mama, mtu wa nyatiti kutoka Seme, hata kama ni saa moja tu. Mama ana miaka themanini na mbili. Nataka asikie tena ile pakruok. Mimi nitaisema mwenyewe, maana tiketi nimekata, nafika tarehe 16. Mama bado usimwambie.

Jumla ni laki moja na elfu themanini. Nusu inakuja wiki hii, nusu mwisho wa mwezi. Iingie kwako wewe, si kwa Opati, na umwambie ni mimi niliyeamua, asikulaumu. Na umwambie pia namsalimu, na zile mbegu za mahindi alizoomba nitazilipia.

Jambo la mwisho, tafadhali usilisahau. Ile chupa ya Fanta ya zamani yenye mikunjo, aliyokuwa akikwaruza yule rafiki yake Baba alipokuja kupiga naye, kama Enos Okola alivyokuwa akikwaruza ya bendi ya Abana ba Nasery. Huku nimetafuta, nimepata za namna nyingi, hakuna inayolia vile. Mara ya mwisho niliiona juu ya kabati la Mama, nyuma ya chupa ya chai, imejaa vifungo vya nguo. Vimwage, uioshe, uifiche chumbani kwako. Wageni watakapokuja na makreti ya soda, mtu asije akaibeba na kuirudisha dukani.

Ni mimi mdogo wako,
Otiende