Yah: Upanga wa mandau mlioniuzia kama wa kale, na jinsi nilivyoitwa mwizi nilipourudisha

Kwa Meneja Mkuu,
Idara ya Silaha na Vitu vya Kale.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Masharti yenu ya kurejesha bidhaa mnayajua kuliko mimi, kwa kuwa ni nyinyi mlioyaandika, hivyo sitayanukuu. Naandika kwa sababu Jumamosi iliyopita, mbele ya wateja sita waliokuwa kwenye foleni, mhudumu wenu wa kaunta aliuchomoa upanga niliourudisha, akaugeuza mara moja tu, kisha akasema kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni kwamba bapa lile si lililotoka dukani kwenu na kwamba huenda nimelibadilisha nyumbani. Sijawahi kuitwa mwizi maishani mwangu, na sikutarajia kuitwa hivyo na watu waliopokea euro 1,850 zangu.

Maelezo yenu ya mauzo yalisema kuwa hii ni mandau, yaani upanga wa Wadayak, wenyeji wa Kalimantan (upande wa Indonesia wa kisiwa cha Borneo), iliyofuliwa kabla ya 1894, mwaka ambao viongozi wa Wadayak walikutana katika kijiji cha Tumbang Anoi wakapatana kukomesha desturi ya kukata vichwa. Mwaka huo ni wa kweli. Kilichokosekana ni upanga wa umri huo.

Bapa la mandau halisi halifanani pande zake mbili. Upande mmoja umebonyea kidogo, wa pili umevimba, na ukipitisha kidole gumba kutoka mgongoni kuelekea kwenye makali unausikia mbonyeo ule hata ukiwa umefumba macho. Ndiyo maana ipo mandau ya mtu wa mkono wa kulia na ipo ya mtu wa shoto. Niliweka rula juu ya bapa mliloniuzia, nikalielekeza dirishani, na rula ikalala tambarare pande zote mbili bila kupitisha hata uzi wa mwanga. Hicho ni kipande cha chuma kilichokatwa kwa mashine, na mikwaruzo ya grainda bado inaonekana karibu na mpini, yote ikielekea upande mmoja. Picha zenu za tangazo zilipigwa kwa mbali, na kwa upande mmoja tu, kwa hiyo hakuna mnunuzi ambaye angeliona jambo hili kabla ya kuushika upanga mkononi.

Vitone vya shaba ya manjano kwenye bapa la kale hupigwa ndani ya tundu mpaka vikajaa, kisha husuguliwa pamoja na chuma, kiasi kwamba ukipitisha ukucha haukwami. Vya kwenu ni matundu ya drili yaliyopakwa rangi, na rangi hiyo ilibaki kwenye kitambaa changu. Mhudumu wenu alinieleza siku ninanunua kwamba kila tundu ni kichwa kimoja kilichokatwa. Naomba mtu asielezwe tena maneno hayo dukani kwenu kama uthibitisho, kwa kuwa matundu saba hutobolewa kwa muda mfupi kuliko wa kuandika risiti.

Mpini, ambao mliuandika kuwa ni pembe la kulungu, una mshono wa kalibu unaouzunguka toka juu hadi chini. Pembe halichipui na mshono. Unywele mmoja wa pambo la mpini niliouchoma kwa kiberiti ulijikunja ukawa kidonge cheusi chenye harufu ya plastiki. Pembeni mwa ala, Mdayak hubeba kisu kidogo chenye mpini mrefu kuliko bapa lake, ambacho ni cha kazi, cha kuchonga na kuparia henzirani. Cha kwenu hakichomoki, kwa sababu kimegandishwa kwa gundi.

Sigombani na upanga mpya. Wapo wahunzi Kalimantan wanaofua mandau nzuri hadi leo, na yupo msafiri anayetaka ukumbusho wa kutundika sebuleni, naye ana haki yake. Lakini mwambieni kuwa ni ukumbusho, na mtozeni bei ya ukumbusho.

Nilipiga simu mara mbili kabla ya kuja, Jumanne na Alhamisi, na mara zote mbili niliambiwa niulete upanga pamoja na risiti na mambo yatakwisha. Nikaja. Sasa nirudi kwenye lile la Jumamosi, kwa sababu usingizi wangu bado haujakaa sawa. Mhudumu hakuangalia mshono wa mpini nilipomwonyesha. Nilimfungulia simu yangu, nikamwekea picha yenu wenyewe ya tangazo, ambayo mkwaruzo mrefu karibu na ncha unaonekana wazi, mkwaruzo uleule uliokuwa mbele yake kwenye kaunta. Aliisogeza simu pembeni kwa mgongo wa mkono, kama mtu anayefagia makombo mezani, akasema, "Watu hununua ya kweli wakaturudishia ya bandia, tumewazoea." Tumewazoea. Mama mmoja mzee aliyekuwa nyuma yangu aliuvuta mkoba wake karibu na kifua. Hicho ndicho nilichobaki nacho nilipotoka nje: mkoba wa mama yule.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kudai fedha zangu tu. Sasa nadai euro 1,850 zote pamoja na nauli zangu, ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, na nadai barua ya kuniomba radhi iliyosainiwa na wewe Meneja, inayotamka wazi kwamba sikubadilisha kitu. Nadai pia kwamba mandau mbili zilizo kwenye kabati lenu la vioo, ambazo mipini yake nimeiona kwa macho yangu ikiwa na mshono uleule, ziondolewe maandishi ya "kabla ya 1894" kabla hazijamfika mwingine. Siku ya 15 ikifika bila jibu, shauri hili litakwenda mahakamani, na picha zangu za rula, kitambaa na mshono zitawafikia wakusanyaji wote ninaowafahamu hapa Uholanzi, pamoja na mamlaka zinazolinda wateja.

Upanga ninao, sitaurudisha tena kwenye kaunta ile. Atakayetumwa kuuchukua aje na fedha zangu na barua hiyo mkononi, na asiwe yule wa Jumamosi.

Wenu,
Mteja wenu,
Leiden.

Nakala: Wakili wangu.