Wenye hoteli Kigoma watuambie wazi kama mbwa wanaruhusiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumze na wenye hoteli, migahawa na fukwe za hapa Kigoma juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo, nalo ni mgeni anayekuja likizo akiwa na mbwa wake. Siombi mbwa aruhusiwe kila mahali. Ninachoomba ni kwamba kila mwenye biashara aamue, kisha autangaze uamuzi wake, ili mtu anayepiga simu kutoka Tabora au Dodoma ajue kabla hajaondoka kwake kama atapokewa au hatapokewa.

Mimi ni mmoja wa watu wa kundi la WhatsApp la wafugaji wa mbwa kutoka mikoa mbalimbali. Humo tunaulizana habari za chanjo, kupe, chakula, na mbwa aliyeamka hataki kula. Wengi wetu tunafahamiana kwa sauti na kwa picha za mbwa tu, na hatujapata kuonana ana kwa ana. Shule zinapofungwa Juni na Desemba, baadhi yao hupanga kuja na familia kuliona Ziwa Tanganyika, wakipitia Urambo, Kaliua na Uvinza kwa magari yao, na kwa kuwa mimi ndiye mwenyeji, swali hunijia mimi: tukutane wapi, na mbwa tuje nao?

Najua jibu la haraka la Mswahili ni kwamba mgeni hukaribishwa nyumbani. Ni jibu zuri, lakini katika jambo hili lina kasoro mbili. Kwanza, watu waliofahamiana mtandaoni hawapaswi kuanza kuonana ndani ya nyumba ya mmoja wao. Mama anayesafiri na watoto wake, ambaye ananijua kwa ujumbe wa simu tu, ana haki ya kutaka tuonane mchana, mahali penye watu, ambapo akiona mambo hayamridhishi anaweza kunyanyuka na kwenda zake bila kumwomba mtu amfungulie geti. Mimi mwenyewe ningemshauri binti yangu hivyo hivyo, na ningemwambia pia asimtumie mtu yeyote fedha za “kuhifadhi nafasi” kabla hajathibitisha na hoteli yenyewe.

Kasoro ya pili ni ya mbwa wenyewe. Mbwa anayelinda ua huhesabu ua ule kuwa ni mali yake, na mbwa mgeni akiingizwa humo, hasa ikiwa wote wawili ni madume, vita haviko mbali. Wazoefu huwakutanisha kwanza mahali pasipo pa yeyote kati yao, wakiwa na kamba, wakitembezwa sambamba kwa umbali kidogo hadi watulie, na baada ya hapo ndipo huruhusiwa kunusana. Kwa hiyo watu na mbwa wao, wote wanahitaji uwanja ambao si wa mtu.

Uwanja huo ndio tunaoukosa. Likizo iliyopita niliulizia kwa simu, na jibu nililolipata mara nyingi halikuwa ndiyo wala hapana, bali “njoo tu, mzee, tutaongea.” Tulikwenda. Kwenye geti la sehemu moja, ambayo sitaitaja, mlinzi alikuwa kijana mwenye adabu zake. Aliniamkia, “Shikamoo mzee,” nikamwitikia, kisha akamtazama mbwa wa mgeni wangu, akarudi nyuma hatua moja na kushika fimbo yake kwa mikono miwili. “Huyo haingii. Mwacheni kwenye gari.” Nilimweleza kwamba tulipiga simu. Akasema aliyepokea simu hayupo zamu. Ndani tulimwona msimamizi akitutazama kutoka kaunta, naye hakutoka. Simlaumu yule kijana hata kidogo, kwa sababu hakuna aliyemwambia la kufanya, na ingekuwa mbwa amemng’ata mteja, yeye ndiye angefukuzwa kazi.

Lakini hilo la kumwacha mbwa kwenye gari nalikataa kabisa. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hujipoza kwa kuhema ulimi ukiwa nje, na ndani ya gari lililofungwa juani hewa huwa moto kwa dakika chache, hata kama kioo kimeachwa wazi kidogo. Mbwa hufa hivyo. Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayokataza kumtesa mnyama, na sidhani mwenye hoteli angependa jambo kama hilo litokee kwenye maegesho yake. Siku ile tuliishia chini ya mwembe kando ya barabara, tukimnywesha mbwa maji kwenye sufuria, tukinunua karanga za kupitishwa, na fedha ambayo ingeliwa kwa kuku na samaki pale hotelini ikabaki mifukoni mwetu.

Sasa niseme neno kwa wale wanaokataa, kwa sababu wana hoja na sipendi zipuuzwe. Kigoma, na Ujiji hasa, ni mji wenye Waislamu wengi, nami ni mmoja wao. Katika madhehebu ya Shafii tunayoyafuata wengi wetu, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mtu aliyetawadha, anayesubiri magharibi huku akinywa chai, hana kosa akichukia mbwa mwenye manyoya mabichi kumpitia miguuni. Wakati huohuo dini hiyohiyo imeruhusu mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na mashamba, na tumefundishwa tangu madrasa habari ya mtu aliyesamehewa madhambi yake kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Wa kwangu analala nje, analinda, na anakula vizuri. Kwa hiyo sioni ugomvi kati ya kumheshimu jirani wa meza ya pili na kumtendea mbwa wema. Ninachokiona ni haja ya kutenganisha nafasi. Mbwa asiingie ndani ya ukumbi wa chakula. Bakuli lake litoke nyumbani kwake, na asipewe kamwe sahani ya hoteli, hata mteja akiomba kwa upole kiasi gani.

Ipo pia hofu, nayo ni ya kweli. Wengi wetu mbwa tunamjua kwa kibao cha “Mbwa mkali” kwenye geti, na wengine wana makovu. Kichaa cha mbwa kipo, na dalili zake zikishaonekana kwa binadamu, kupona ni jambo lisilotarajiwa. Ndiyo maana masharti ya kwanza kwenye geti yawe cheti cha chanjo kinachoonyesha tarehe, kwani chanjo hiyo ina muda wake na mbwa aliyechanjwa jana bado hajapata kinga ya kutosha. Mwenye hoteli asione haya kukiomba. Mfugaji makini anacho, na asiyekuwa nacho amwone afisa mifugo wa kata yake kabla ya safari, siyo baada. Nao wahudumu wajue la kufanya mtu aking’atwa, awe aling’atwa na mbwa wa mgeni au wa mtaani: jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo, asisubiri kuona kama mbwa atakufa.

Kuna mahali ambapo jibu linapaswa kuwa hapana bila mjadala, na wageni wetu waelezwe mapema. Pale Kibirizi dagaa huanikwa peupe, na mbwa mmoja akikatiza juu yake ameharibu kazi ya usiku mzima ya wavuvi na mtaji wa akina mama waliowanunua alfajiri. Nimemwona mama mmoja akiokota kokoto kumfukuza mbwa aliyekuwa bado mbali sana, na nikasema moyoni anajua anachokifanya. Asiwepo mtu wa kupita pale na mbwa eti kwa sababu anataka kupiga picha za boti. Gombe nako hali ni hiyo. Mbwa haruhusiwi katika hifadhi za taifa, na sababu yake si chuki. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, uliohusishwa na mbwa wa vijiji vya jirani, uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Sokwe wa Gombe, ambao Jane Goodall alianza kuwachunguza mwaka 1960, ni wachache na hupata magonjwa kwa urahisi kutoka kwetu sisi binadamu, sembuse kuwaongezea ya mbwa.

Hapo ndipo fursa nyingine ilipo, na nashangaa hakuna aliyeiona. Familia inayotaka kwenda Gombe kwa boti na kurudi jioni inahitaji mahali pa kumwacha mbwa wake kutwa nzima, penye kivuli, maji na mtu wa kumwangalia. Kibanda cha mabati ndani ya ua si jibu, kwa sababu bati huwaka jua. Banda la miti lililoezekwa kwa nyasi linatosha, na mtu angelipia. Tunao pia wafanyakazi wa mashirika ya misaada wanaoshuka mjini kutoka Kasulu na Kibondo kupumzika, na baadhi yao hufuga mbwa. Hawa wote ni wateja.

Kwa Ujiji, penye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley waliokutana mwaka 1871, sijui kwa nini wageni hudhani kwamba kwa kuwa ni mahali pa wazi penye miembe basi mbwa anaruhusiwa. Waulize wahusika kwanza. Livingstone mwenyewe, nikiruhusiwa kuchepuka kidogo, alisafiri na mbwa mdogo aliyeitwa Chitane, na mbwa huyo akazama kwenye kinamasi Januari 1867 katika nchi ambayo leo ni Zambia, kabla bwana wake hajafika Ujiji. Kwa hiyo suala la msafiri na mbwa wake katika njia hizi si geni kama tunavyolifanya.

Nirudi kwa wenye hoteli. Bustani mnazo, nyingi zenye kivuli na upepo wa ziwa. Kona moja ya bustani hiyo, iliyo mbali na jiko na mbali na michezo ya watoto, yenye njia yake ya kuingilia, ndiyo tu inayohitajika. Kamba muda wote. Mbwa jike aliye katika joto la kutaka dume abaki nyumbani. Saa ziwe za asubuhi, tuseme saa moja hadi saa tatu na nusu, au jioni kuanzia saa kumi na moja, kwa sababu mchanga wa adhuhuri huunguza nyayo za mbwa kama unavyounguza zetu. Mbwa asiachiwe kukimbilia majini hovyo, maana ziwa hili lina mamba, na wenyeji wa kila ufukwe ndio wanaojua wapi pana amani. Kinyesi kiokotwe na mwenye mbwa papo hapo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo wengi wetu tunatumia karatasi, na naomba radhi kukueleza, Mhariri, kwamba karatasi hiyo mara nyingi ni gazeti la juzi.

Masharti hayo yakiandikwa kwenye ukurasa wa hoteli mtandaoni na kwenye kibao cha getini, na yakasomwa na mpokea simu pamoja na mlinzi, shida yetu kubwa itakuwa imekwisha. Anayekataa naye aandike “Mbwa hawaruhusiwi”, nasi tutamshukuru, kwa kuwa hapana iliyo wazi haimpotezei mtu mafuta. Hata gharama ya ziada kwa ajili ya usafi sioni ubaya wake, mradi itajwe kabla.

Wenzetu wengine wameniandikia kwamba wanakuja Desemba, wakiwemo wa Tabora, na wapo walio ng’ambo ya mpaka wa Manyovu, upande wa Burundi, ambao wanafuatilia vibali vya kuwavusha mbwa wao. Mwenye bustani aliye tayari kutupokea, hata kwa saa mbili za asubuhi kabla wateja wake wengine hawajafika, namwomba ajibu kupitia safu hii na ataje masharti yake. Mabakuli na vyeti tutakuja navyo, na chai na chapati tutanunua kwake.

Wako,
Mfuga mbwa,
Mwanga, Kigoma.